Bi. Hilary Smith na Watu wa Jina la Ormersett

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Bi. Hilary Smith atatundika mfuko wake wa barua katika posta yetu ya Haverbridge, na Jumatatu itakayofuata mfuko huo utachukuliwa na mtu mwingine, Mungu amsaidie. Bi. Hilary ametumikia miaka thelathini na minne, yote katika njia moja tu, ile ya Bonde la Ruddale, njia ambayo wengi wetu tukipangiwa hata kwa siku moja huanza kukohoa tangu jioni iliyotangulia. Uongozi umeniomba niandike wasifu wake kwa jarida letu kwa sababu meza yangu ya kupangia barua imepakana na yake kwa zaidi ya miaka ishirini. Waliniomba pia niwe mfupi na niache utani. Nitajaribu kuwa mfupi.

Bi. Hilary si mtu wa huku milimani. Alizaliwa Hull, baba yake akiwa mpakua mizigo bandarini. Alizaliwa akiitwa Smith, akaolewa na Smith mwingine, Bwana Len, dereva wa lori la kiwanda cha jibini, na wala hawakuwa na undugu hata wa kusingizia. Kwa hiyo maisha yake yote amebeba jina ambalo ukiliita katika stesheni yoyote ya treni nchini, nusu ya abiria watageuka. Nadhani hapo ndipo ilipoanzia shauku yake. Wengine hupenda kujua jirani anakula nini au analipwa mshahara gani. Hilary akikutana na mtu mpya hutaka kujua jina lake la ukoo limetoka wapi, na wenzake wenye jina hilo wanaishi wapi. Daktari aliyekuwa akimfunga plasta mguu uliovunjika alimuuliza kama anasikia maumivu, naye akamuuliza daktari kama babu yake hakutoka Cornwall. Kweli alitoka Cornwall.

Jina lililomteka kabisa lilimjia katika wiki yake ya kwanza kazini, mwaka 1991, likiwa limeandikwa juu ya kifurushi kidogo: Bwana J. Ormersett, Ruddale. Hapakuwa na neno zaidi. Mgeni yeyote angeliona jina lile la ajabu akashukuru, maana mwenye jina kama hilo atakuwa mmoja tu. Na kweli katika Uingereza nzima ni jina adimu. Unaweza kuzaliwa Bristol, ukazeeka Bristol, ukazikwa Bristol, usikutane na Ormersett hata mmoja. Lakini katika bonde lile, enzi zile, ukirusha jiwe lingemwangukia Ormersett.

Hilary aliingia na kifurushi chake katika baa ya Kondoo Mweusi, saa ya chakula cha mchana.

"Samahanini. Bwana Ormersett ni nani hapa?"

Meza nzima ya wanaume iliinua macho.

"Yupi, dada?" mmoja akauliza.

"Wa J."

Baadhi wakarudia bia zao. Waliobaki walikuwa bado wengi.

"Wa wapi?"

"Wa Ruddale," akajibu Hilary, akijiona amemaliza kazi.

Walicheka mpaka mwenye baa akatoka jikoni kuona kuna nini. Ndipo Hilary alipofundishwa kwamba katika Ruddale jina la ukoo ni la kuandikia serikali. Mtu huitwa kwa jina lake na jina la shamba lake: John wa Low Whin, John wa Keld Side, James wa Gill Head. Asiye na shamba hana wa kumwita. Hilary, akiwa na haraka na aibu, alimkabidhi kifurushi John aliyekuwa karibu zaidi, yule wa Low Whin, naye akakipokea bila swali kama mtu apokeaye sadaka.

Ndani yake mlikuwa na meno bandia ya John wa Keld Side. John wa Low Whin aliyajaribu, akayaona bora kuliko yake, na Jumapili akaenda nayo kanisani akaimba nyimbo zote, mwenye meno akiwa amekaa benchi la nyuma yake na ufizi mtupu. Hilary alipojua kosa lake alikwenda kuyadai.

"Mbona yananikaa vizuri?" mzee akamwambia mlangoni, akiyachomoa shingo upande. "Mwambie binamu yangu nimemlainishia. Damu moja, mama. Taya moja."

Tangu siku hiyo Hilary hakupona. Alitundika ramani ya Uingereza kando ya vishubaka vyake vya barua, akaanza kuchoma pini kila palipopatikana Ormersett. Vitabu vya simu vilivyotupwa na ofisi nyingine vyote viliishia chini ya meza yake. Madereva wa malori ya posta wakawa wapelelezi wake bila malipo.

"Nimekupatia mmoja Burnley," dereva mmoja alimwambia. "Ana duka la samaki na chipsi."

"Yu hai?"

"Alinikaangia chipsi, Hilary. Nadhani yu hai."

Kuna mtu wa ofisi hii, ambaye hatatajwa kwa kuwa sasa ni msimamizi, aliyechoma pini katikati ya Bahari ya Kaskazini ili kumtania. Sisi tulingoja aing'oe kwa hasira. Hilary hakuing'oa. Alipiga simu kwa kampuni za mafuta moja baada ya nyingine, na baada ya majuma kadhaa akapata Ormersett, mpishi kwenye mtambo wa kuchimba mafuta baharini, mtu wa Durham, mcheshi sana, ambaye hutuletea kadi kila Krismasi mpaka leo. Pini ile ilibaki. Msimamizi tangu hapo hajagusa ramani ya mtu.

Sisi tuliokuwa tukicheka tulianza nasi kuikodolea macho ramani. Pini zilijazana Ruddale kama upele. Palikuwa na fungu jingine kwenye miji ya viwanda vya pamba ya Lancashire, na jingine kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya Durham; hayo yalieleweka, maana machimbo ya madini ya risasi ya Ruddale yalipofungwa enzi za mababu zetu, watu walifuata mkate. Lakini mbali kabisa huko kusini mashariki, Suffolk, kulikuwa na fungu dogo limekaa peke yake kuuzunguka mji wa Oakenham, na kutoka hapo hadi kwetu, zaidi ya maili mia mbili, hapakuwa na pini hata moja.

"Watu hawaruki kama viroboto," Hilary alikuwa akisema, kalamu mdomoni. "Angalau mmoja angechoka njiani akaoa."

Chanzo cha jina lenyewe hakikumsumbua. Aliniburuta mimi pamoja naye kwenda kukiona, Jumapili moja ya mvua ambayo magoti yangu hayajaisahau. Ukipita Hollin, shamba la juu kabisa la bonde, unapanda tena kwa saa nzima, unafika kwenye rundo la mawe lenye ukubwa wa banda la kuku. Hapo ndipo Ormersett.

"Ndiyo hii?" nilimuuliza.

"Ndiyo hii. Sikiliza, Clive. Alikuwepo Mnorwei mmoja aitwaye Orm, miaka elfu iliyopita. Kila kiangazi analeta ng'ombe wake huku juu, anajenga kibanda. Ormersett, yaani kibanda cha malishoni cha Orm. Wajukuu wakashuka bondeni wakabaki na jina."

"Na sisi tumepanda."

"Kula sandwichi yako."

Suffolk ndiyo iliyomnyima raha. Kwa miaka sita aliamini kwamba waliopeleka jina kule ni wachunga ng'ombe, wale waliokuwa wakiswaga mifugo ya kaskazini kwa miguu kwenda kunenepeshwa kusini. Alitoa hata mhadhara katika ukumbi wa kijiji cha Ruddale, na picha za ukutani. Alipomaliza, mzee mmoja wa nyuma akainua mkono.

"Unasema huyo Ormersett alifika Suffolk na ng'ombe, akapapenda, akabaki."

"Ndiyo, mzee."

"Mtu wa Ruddale? Akapenda mahali?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Hilary alicheka nao, lakini mimi niliyebeba projekta hadi garini niliona ameumia. Nadharia yake kweli ilikuwa na tundu. Waormersett wote wa Oakenham aliowapata, wa leo na wa zamani, walikuwa mafundi bomba na waezekaji wa mapaa ya risasi, baba kwa mtoto. Hapakuwa na mmoja aliyewahi kushika mkia wa ng'ombe. Jibu lilikuwa limemkalia kwenye pua, naye alikuwa akitazama ng'ombe.

Haya yote yangebaki kuwa mchezo wa mtu na ramani yake kama si Mzee Reuben wa Hollin.

Mwaka Hilary alipoanza kazi, Ruddale ilikuwa na zaidi ya nyumba ishirini za Ormersett. Kila majira ya baridi yaliondoka na moja. Shamba likauzwa likawa nyumba ya watalii, vijana wakaenda Leeds na Australia, mabinti wakaolewa wakachukua majina ya waume zao. Hilary aliyaona hayo kwa mikono yake, maana mfuko ulikuwa ukipungua uzito. Miaka mitatu iliyopita alibaki mmoja tu, Reuben, mzee wa miaka themanini na kitu, asiyeoa, mwenye ulimi wa upupu, anayeishi Hollin na kondoo wake na redio.

Siku moja langoni, huku akipokea bili ya umeme, Mzee Reuben alimwambia Hilary kwamba ameagiza jiwe la kaburi lake kwa Desmond Airey, mchonga mawe wa hapa Haverbridge. Alimtajia na maneno ya kuchongwa: jina lake, Hollin, na chini yake, Wa Mwisho wa Ormersett. Alisema kwa sauti ile ile ambayo angetumia kusema kesho kutanyesha.

Tangu hapo alianza kuishi kwa kulifuata lile jiwe. Aliuza nusu ya kondoo. Mbwa wake alipokufa hakununua mwingine. Ukuta wa mawe wa malisho ya chini uliporomoka, naye ambaye huwa hawezi kuona jiwe limelala ovyo bila kuliinua, akauacha.

"Huo ukuta vipi, mzee?" Hilary alimuuliza.

"Una nini?"

"Umeanguka."

"Nimjengee nani?" akasema, akafunga mlango.

Hilary alirudi ofisini siku hiyo hakula. "Yule mzee anafunga duka akiwa bado yumo ndani," aliniambia. Halafu akasimama mbele ya ramani, akaitazama Suffolk. Kuanzia siku hiyo haukuwa tena mchezo. Kama watu wa Oakenham walitoka Ruddale, basi Reuben hakuwa wa mwisho wa chochote, na Hilary alitaka mzee alijue hilo kabla ya patasi kufika kwenye ule mstari. Jioni hiyo hiyo tulipita wote wawili karakanani kwa Airey.

"Desmond, lile jiwe la Mzee Reuben umefika wapi?"

"Nimechonga jina. Naanza kupumzika."

"Naomba uchelewe."

Airey akampuliza vumbi usoni kwa bahati mbaya. "Mama, miaka arobaini watu wanakuja hapa kuniomba niharakishe. Kuchelewa ndiyo kipaji changu. Nenda kwa amani."

Septemba mwaka jana Hilary alichukua likizo yake ya mwaka, akapanda basi kwenda Oakenham. Wakati wenzake wanakwenda Uhispania kuchomwa na jua, yeye alikwenda kugonga milango. Ormersett wa kwanza kumfungulia alikuwa Bi. Lorna, fundi bomba, mama wa makamo mwenye mabega ya kubebea mabafu.

"Kama ni kifurushi, mimi sijaagiza kitu," Lorna alisema.

"Sina kifurushi. Nina swali."

Hilary alimweleza habari za wachunga ng'ombe. Lorna akacheka hadi akaegemea mlango. "Ng'ombe? Dada, sisi hatujawahi kufuga hata kuku. Sisi ni watu wa risasi tangu tumboni. Vaa viatu vizuri, nikakuonyeshe babu."

Hilary alidhani anapelekwa makaburini. Alipelekwa juu ya paa la kanisa.

Kanisa la Oakenham limeezekwa madini ya risasi kutoka mnarani hadi ukingoni, na ukoo wa Lorna ndio unaolitunza. Mafundi wa risasi wana desturi yao. Akimaliza kazi, fundi huweka mguu juu ya risasi iliyo laini, huzungushia kiatu kwa ncha ya msumari, kisha ndani ya mchoro hukwaruza jina lake na mwaka. Paa lile limejaa viatu vya namna hiyo, vya watu waliokwisha kuoza zamani. Lorna alimshika Hilary mkono wakavuka hadi karibu na mfereji wa maji, akapiga goti, akapangusa kwa kiganja. Palikuwa na kiatu kipana, na ndani yake: Simon Ormersett Hollin 1741.

"Huyu ndiye wa kwanza wetu," Lorna alisema. "Na Hollin ndiye rafiki yake. Walifanya kazi wote, wakatumia kiatu kimoja kuandika majina mawili. Tumeambiwa walipendana sana. Ndiyo maana kwetu mtoto wa kwanza lazima apewe Hollin, jina la katikati. Mimi mwenyewe ni Lorna Hollin."

Hilary aliketi pale pale, juu ya babu.

"Umepatwa na kizunguzungu?"

"Lorna, Hollin si mtu."

"Ni nani sasa?"

"Ni geti la kijani lenye bawaba mbovu. Mimi hupeleka barua pale."

Baadaye mambo yalijipanga yenyewe. Risasi ya Ruddale ilishushwa kwa farasi hadi mtoni, ikapanda meli Hull, ikateremshwa pwani ya Suffolk kwa ajili ya mapaa ya makanisa, na Simon akaufuata mzigo wa kwao. Watu waliosafiri na meli hawakuwa na sababu ya kuacha mtoto njiani, ndiyo maana ramani ilikuwa tupu katikati. Mzigo ulipita Hull, nyuma ya nyumba alikozaliwa Hilary, jambo ambalo hajaacha kutukumbusha. Na Simon alipofika mwisho wa kazi akaandika jina lake kama mtu yeyote wa Ruddale anavyolisema, jina na shamba, ili asomaye ajue ni Simon yupi. Hakukuwa na mtu wa Oakenham wa kumuuliza yeye ni wa wapi. Mimi, ninapofikiria jambo hilo, humhurumia sana.

Hilary aliporudi alipanda moja kwa moja hadi Hollin na picha kwenye simu. Alikuwa na hakika mzee atalia kwa furaha. Mzee Reuben alivaa miwani, akaitazama picha, akavua miwani.

"Picha inaweza kuchezewa."

"Nimeigusa kwa mkono wangu, Mzee Reuben."

"Suffolk. Si wale wafuga nguruwe?"

"Ni mafundi bomba."

"Ameondoka miaka mia tatu karibu, hajaleta hata salamu. Leo ndiyo ndugu?" Akamrudishia simu. "Wewe barua zako lete. Habari za ukoo niachie mwenyewe."

Asubuhi iliyofuata Hilary alipanga barua za mabonde mawili katika shubaka moja, kosa ambalo sijawahi kumwona akilifanya kabla wala baada. Nilipomwambia, alianza kulia. Alisema anaogopa amefika kwa mzee akiwa amechelewa, kwamba Reuben amekwisha kuuzoea ule mstari wa kwenye jiwe na hataki tena kunyang'anywa. Nilimtengenezea chai na nikampangia Ruddale yake.

Lorna ndiye aliyekataa kuyaacha. Mwezi Novemba huku kwetu hufanyika mkutano wa wafugaji, uwanjani nyuma ya Kondoo Mweusi, ambapo kila kondoo aliyepotelea kwa jirani huletwa, hutazamwa alama ya rangi mgongoni na mkato wa sikio, na kurudishwa kwa mwenyewe. Lorna aliendesha gari lake la kazi kutoka Suffolk, akashuka na buti zenye lami, na Hilary akamwongoza hadi kwenye zizi alipoegemea Mzee Reuben. Bonde zima lilikwisha kusikia. Bia zilisimama hewani.

"Wewe ndiye wa Suffolk," Reuben alisema bila kugeuka.

"Ndiyo, mzee."

"Jina lako."

"Lorna Ormersett."

"Lote."

"Lorna Hollin Ormersett."

Hapo akageuka. "Hilo la katikati umepewa na nani?"

"Na baba. Naye alipewa na babake, na babake hivyo hivyo. Hatukujua ni kitu gani, mzee. Tulidhani ni mtu."

Reuben alimtazama uso, kisha masikio, kama alivyokuwa akiwatazama kondoo tangu asubuhi.

"Mmekuwa mkibatizia watoto jina la nyumba yangu."

"Inaonekana hivyo."

"Wengi?"

"Kila wa kwanza. Na wangu yupo, anasomea ufundi. Martha Hollin."

Mzee alivua kofia, akaivaa tena. Sisi wengine tukaanza kutazama kondoo kwa bidii kubwa.

"Paa langu linavuja," hatimaye alisema. "Upande wa jikoni."

"Nina ngazi garini," Lorna akajibu.

Kesho yake Mzee Reuben alimpigia simu Airey. Airey mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Ule mstari wa mwisho, usiuchonge."

"Bado sijauanza, mzee."

"Najua hujauanza, mvivu wewe. Nakwambia usiuanze."

Ukuta wa malisho ya chini umesimama tena. Mwezi wa tatu Hilary alikuta mtoto wa mbwa langoni, naye kamtafuna soksi.

Najua wasifu wa namna hii hutakiwa kutaja mafanikio, na ninaona nimebakiwa na nafasi finyu. Basi niseme kwamba katika theluji kubwa ya mwaka 2010 Bi. Hilary alifikisha dawa kwa miguu katika kila shamba la Ruddale wakati gari la serikali limekwama. Kwamba alipewa cheti cha utumishi bora mara mbili na mara zote mbili akakitumia kufunikia bakuli. Kwamba amewafundisha kazi nusu ya watu wanaosoma ukurasa huu, na nusu nyingine wanaonyesha kwamba hawakufundishwa naye. Hajawahi kupoteza barua. Meno sihesabu, kwa kuwa yalirudi.

Tunakushukuru, Bi. Hilary, kwa chai, kwa makelele ya vitabu vya simu vinavyoanguka, kwa kutufanya tuyasome majina tuliyokuwa tukiyarusha tu kwenye vishubaka. Posta bila wewe itakuwa kimya, na mimi sipendi kimya. Nimeomba ramani ibaki ukutani, na uongozi umekubali.

Wengi mmeuliza atafanya nini wiki yake ya kwanza ya kustaafu. Jumanne atapanda treni kwenda Suffolk pamoja na Mzee Reuben wa Hollin, ambaye hajawahi kuvuka York. Ni wakati wa kukata majani ya mifugo, na mkulima wa Ruddale kuacha majani yake yamesimama ni jambo ambalo bondeni wanalizungumza kuliko uchaguzi. Juzi alikuja mwenyewe hadi dirishani kwetu, amevaa suti, kuuliza kama tikiti ya treni inauzwa posta. Nilimuuliza mtu wa umri wake anakwenda kutafuta nini juu ya paa la kanisa. Alinijibu kwamba wanaume wa Hollin wote, tangu babu wa babu yake, wana mguu wa kulia mpana kupita kiasi, hakuna duka linalowatosha. Anataka avue kiatu aukanyage ule mchoro, aone.

Lorna amekwisha kupata ruhusa ya kasisi. Ngazi za mnara ni nyembamba. Yeye atatangulia, mzee katikati, na wewe nyuma. Pumzika vyema, Hilary, na siku zako zote zilizobaki ziwe za heri. Na mkifika huko juu, mzee akiinua mguu, mshike mkono.